Safari ya Kwenda Kuona Pembe Niliyoisugua

Niliondoka Guildford kwenda katikati ya mji wa Sydney kwa sababu ya pembe moja ya kifuniko cha mkebe, pembe ambayo haizidi kiganja cha mtoto mchanga. Wanangu walisema ni ukaidi. Ni kweli, mimi ni mkaidi, sikatai. Lakini ukaidi huu una sababu yake, nami nawaeleza mwenyewe ninyi mlioko Uvira na ninyi mliobaki kambini Nyarugusu, msije mkasikia kwa watu wengine kwamba nimezeeka vibaya.

Mkebe wenyewe baadhi yenu mnaujua. Ni ule wa biskuti ninaowekea karatasi zetu. Mama yetu alikuwa akimfulia nguo mke wa Mgiriki mmoja pale Uvira, mwenye duka la vitambaa, na sikukuu moja ya Noeli yule bibi wa Kigiriki akampa huo mkebe, ndani zimebaki biskuti tatu. Biskuti tulizila siku hiyohiyo. Mkebe ukakaa juu ya kabati kama mgeni wa heshima.

Juu ya kifuniko kuna mji wa Wazungu wa zamani sana, uliojengwa ukingoni mwa maji. Majumba makubwa yana madirisha mengi kama masega ya nyuki, mnara mwekundu umesimama peke yake, mitumbwi myeusi ina pua iliyopinda, na watu ni wadogo kama punje za mchele, wamevaa makoti na kofia. Mama hakujua jina la mji huo. Aliuita "kule". Jioni alitukalisha, mimi na yaya Faida, dada yangu mkubwa, akatuonyesha kwa kidole kilichokunjamana kwa sabuni. Alikuwa akisema: "Kule wana nyumba za dhahabu. Lakini angalieni hapa pembeni, kwenye ngazi za maji. Kuna mwanamke anafua. Hata kule lazima mtu afue." Alisema hivyo kwa fahari, kana kwamba huyo mwanamke ni ndugu yake na ule mji wote unamtegemea.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kwetu msichana alipimwa kwa sufuria. Tulishuka ziwani asubuhi na vyombo kichwani, tukavisugua kwa mchanga na majivu mpaka uone meno yako ndani yake. Mama jirani akipita haangalii uso wako, anaangalia kitako cha sufuria yako. Nilikuwa na miaka sita, pengine saba, na nilitaka kusifiwa. Nikauona ule mkebe una weusi pale pembeni, nikasema, huu haujasuguliwa tangu uje. Nikaushusha ziwani. Mchanga, majivu, maji. Mchanga, majivu, maji. Pembe ikang'aa kama sarafu mpya. Mwanamke wa mama akaenda na maji ya Tanganyika.

Mama aliporudi kazini akauliza ni nani. Nikanyamaza. Siku hiyo zamu ya vyombo ilikuwa ya yaya, basi mama akaamua ni yaya. Alimpiga kwa mti wa fagio, na kwa kuwa hasira yake haikuishia hapo, akampeleka kwa shangazi, kijiji cha Makobola, alime mihogo. Alikaa huko misimu miwili. Aliporudi, wenzake wa darasani walikuwa mbali, akaona haya kukaa na watoto, shule ikaishia hapo. Mimi nilifika darasa la nne. Yaya Faida mpaka leo akipewa karatasi anatia kidole gumba.

Miaka sitini sikusema. Mama alipokufa mkebe aliniachia mimi. Nilivuka nao ziwa wakati wa vita, nikakaa nao kambini, nikapanda nao ndege. Na kila nikiongea na yaya kwa simu, akikumbuka habari hiyo anasema jambo lilelile: kwamba hapakuwa na mwanamke yeyote, lilikuwa doa la rangi tu, na mama alijitungia ili asijisikie peke yake. Yeye alikuwa hamwoni. "Kama nilipigwa," anasema, "ningependa kujua nilipigiwa nini."

Mwaka wa pili wa korona yaya akaanza kuvimba miguu. Daktari akasema ni moyo. Mwezi huohuo mjukuu wangu Aline, binti wa mwanangu Elia, akaja mbio chumbani kwangu na simu mkononi. "Koko," akasema, maana ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyoita bibi, "mkebe wako uko mjini." Akanionyesha. Kweli, ulikuwa ule ule mji. Mnara uleule, mitumbwi ileile. Jumba moja la picha kule katikati ya mji lilikuwa limeazima picha kutoka ng'ambo, na ile ya mkebe wetu ilikuwa mojawapo. Ilichorwa kwa mkono, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na mji wenyewe ni Venisi, huko Italia. Nikamwambia anionyeshe pembe. Pembe haikuwapo. Aliyeitia kwenye simu alikuwa amekata ukingo. Aline akatafuta kwingine, akapata nzima, lakini alipoikuza pale pembeni tukaona weusi tu, kama masimbi ya kahawa chini ya kikombe.

Nikasema nitakwenda. Hazikupita siku nyingi, mji ukafungwa.

Ninyi mlisikia habari za kufungiwa huku, lakini hamkusikia vizuri. Sisi wa magharibi ya Sydney tulifungiwa kuliko wale wa pwani. Helikopta ilizunguka juu ya Guildford kama mwewe juu ya vifaranga. Polisi walituuliza tunakwenda wapi na mfuko wa vitunguu. Misa tuliisikiliza kwenye simu, kila mtu na paa lake. Elia alifanya kazi ghala la mizigo, akapimwa pua kila mara mpaka akasema pua si yake tena. Na Aline wangu, anayetunza wazee katika nyumba ya wazee, alivaa plastiki kutoka kichwani hadi miguuni, akawaogesha na kuwalisha watu ambao watoto wao wenyewe waliwapungia mkono dirishani. Ana miaka ishirini na tatu. Mtu asiniambie watoto waliokulia ng'ambo ni wavivu, nitamjibu.

Mimi nilikaa na mkebe mapajani. Niliogopa vitu viwili. Kwanza, picha ni mgeni na mgeni hurudi kwao, ingeweza kufungashwa milango ikiwa bado imefungwa. Pili, moyo wa yaya. Nikachanjwa mara mbili, mkono ukauma.

Siku walipofungua, Aline akaniambia picha zimeongezewa wiki chache, lakini chache kweli. Elia akakataa. Akasema mjini kuna ugonjwa, kwenye treni kuna ugonjwa, tutangoja siku yake ya mapumziko anipeleke kwa gari. Ilikuwa mara ya tatu anasema siku ya mapumziko. Nikamwambia: "Nilikuvusha ziwa wakati wa vita. Treni haitanishinda." Akacheka kidogo, akakuna kichwa. Kwangu hiyo ni ruhusa.

Asubuhi ya Jumatano, saa tatu, nilikuwa kwenye kituo cha Guildford. Nilivaa kitenge cha kijani na kilemba chake, viatu vya kanisani, na barakoa ambayo Aline aliichagua ifanane na kitenge. Mkebe niliutia katika mfuko pamoja na mandazi manne na chupa ya maji. Aline alikuwa zamu ya asubuhi, hakuweza kuja, lakini alinikatia kipande cha boksi akaniandikia majina ya vituo kwa herufi kubwa, moja chini ya jingine. Mimi nasoma polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Ndani ya mkebe aliweka karatasi yangu ya chanjo. Akaniambia nisilale njiani na nisizungumze na wendawazimu. Nikamwuliza nitawajuaje, wote wamefunika midomo.

Ndani ya treni kulikuwa na alama za duara za kijani kwenye viti, pale unaporuhusiwa kukaa, mtu mmoja mmoja, mbalimbali kama watu waliogombana. Bwana mmoja akakohoa na behewa zima likamtazama. Maskini, akashuka kituo kilichofuata, sidhani ndicho kilichokuwa chake. Kila treni iliposimama nililinganisha ubao wa nje na boksi langu, herufi kwa herufi. Merrylands, nikaweka kidole. Granville, nikasogeza. Pale Redfern akaingia mama wa Kichina na mjukuu wake, tukasalimiana kwa nyusi.

Kabla ya kituo changu treni ilipanda juu, na ghafla upande wa dirisha nikaona maji. Maji ya buluu, daraja kubwa la chuma, feri za kijani na manjano zikigeuka, na majumba marefu yamesimama ukingoni. Nilinyanyuka kwenye kiti. Nikafikiri, nimefika, ndiyo hii, "kule" kwa mama. Kisha nikatazama boksi. Pameandikwa Circular Quay, na kidole changu kilikuwa bado hakijafika chini. Nikakaa tena. Nikajisemea, maji utayaona wakati wa kurudi, sasa nenda kwa mwanamke.

Kituo cha Mtakatifu Yakobo kiko chini ya ardhi kama kaburi la tajiri. Nilipanda ngazi zake nikipumzika mara mbili. Nje kuna bustani, kanisa kubwa la mawe, na wale ndege weupe wenye kichwa cheusi na mdomo uliopinda, wanaochakura mapipa ya taka bila aibu. Miti ya maua ya zambarau ilikuwa imemwaga maua yake njiani. Nilimwuliza polisi mwanamke njia kwa kumwonyesha kifuniko cha mkebe na kusema neno moja la Kiingereza, picha. Alielewa. Akatembea nami mpaka pale njia inapogeuka. Nimeogopa polisi wa nchi tatu, huyo sikumwogopa.

Mbele ya jumba la picha, lenye nguzo nene za mawe, nilisimama kwenye foleni. Mlangoni mlinzi alinionyesha ule mraba wa vidoti vyeusi ili niupige kwa simu. Simu yangu ni ya kuzungumzia tu. Akaniandika kwa mkono. Akataka cheti cha chanjo. Nikauweka mkebe juu ya meza, nikafungua, nikampa. Akasoma, akaridhika, kisha akaunyooshea mkebe kidole na kutikisa kichwa. Mfuko wangu pia hautaingia, na mahali pa kuweka mifuko pamefungwa kwa ajili ya korona. Nikanung'unika kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, maana ni nani angesikia: "Huyu naye mama yake alimzaa mlangoni, hajui kitu kingine ila kuzuia."

Macho yake juu ya barakoa yakacheka. "Shosho," akasema, yaani bibi kwa lugha ya kwao, "mama yangu alinizalia Nakuru, hospitali, kitandani."

Niliona haya mpaka kwenye masikio. Jina lake Mwangi, Mkenya, mtu wa makamo mwenye mvi mbili tatu za ndevu zilizochomoza chini ya barakoa. Nilimwomba radhi. Akasema ametukanwa na watu wasiokuwa na sababu, mimi angalau ninayo. Mfuko na mandazi ataviweka chini ya meza yake. Lakini mkebe wa bati hauingii kule ndani karibu na picha za watu.

"Basi na mimi siingii," nikamwambia. "Na sitoki. Nitakaa hapa."

"Shosho, kuna watu nyuma yako."

"Waambie wanisubiri. Mimi nimesubiri miaka sitini."

Akaniuliza ni nini hasa ninachotafuta. Nikamgeuzia kifuniko. Nikamwonyesha mji, nikamwonyesha pembe ilivyobaki bati tupu. Nilimwambia yote, pale mlangoni, mbele ya foleni: mchanga, majivu, yaya, fagio, Makobola. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuyasema kwa mdomo, na niliyemwambia ni mlinzi nisiyeona hata pua yake. Akamwita mkubwa wake, Mzungu mmoja mrefu, wakaongea kwa Kiingereza cha haraka, wakaushika mkebe, wakaugeuza, wakacheka, wakaacha kucheka.

"Boss amesema ni sawa," Mwangi akaniambia, "lakini hiyo mkebe nitaishika mimi, na wewe hutashika kitu. Hata hewa usishike."

Tukaingia. Vyumba vya ndani ni vikubwa na baridi, na watu hutembea polepole kama kwenye mazishi ya mtu wasiyemjua. Tulipita wanawake wa rangi ya maziwa, farasi, malaika wanene. Nilikuwa sitazami. Chumba cha nne, ukutani peke yake, ikawapo picha ya "kule".

Nilifikiri ni ndogo. Kwenye mkebe ni ndogo. Pale ukutani ilikuwa ndefu kuliko meza yetu ya kanisani, na ina mwanga wa asubuhi ambao bati letu halikuwahi kuwa nao. Maji yalikuwa ya kijani, yana mistari midogo ya mawimbi, kila mstari umechorwa peke yake. Wale watu wa mchele walikuwa na nyuso. Mmoja alikuwa akipiga chafya. Mwingine alikuwa akigombana na mwenye mtumbwi, nikaelewa ugomvi wao bila lugha. Kuta za majumba zilikuwa na nyufa na ukungu chini, pale maji yanapozilamba. Nyumba za dhahabu gani, mama. Zilikuwa zinahitaji chokaa.

Nilijilazimisha kuanzia upande wa mbali. Mnara. Majumba. Mitumbwi. Ngazi. Nikafika pembeni.

Alikuwapo.

Yaya Faida, ninakuandikia hili jinsi nilivyokwambia. Alikuwapo, ni mwanamke kweli, si doa. Ana kilemba cheupe na shali ya kahawia. Amekaa kwenye ngazi ya mwisho. Ukimtazama kwa mbali, kichwa kimeinama na mikono iko chini, utasema anafua. Nilisogea. Nilisogea tena. Niliinua kidole ili nihakikishe, na kitu ukutani kikalia kama jogoo, na mlinzi mwingine akaja mbio, na Mwangi akamwambia yuko na mimi, na mimi sikurudi nyuma mpaka nimalize kuona. Kikapu cha nguo kiko kando yake, kimejaa, nguo zimekunjwa bado. Hakuna sabuni, hakuna jiwe la kufulia. Viatu vyake viwili vyekundu vimewekwa juu ya ngazi. Miguu yake iko ndani ya maji. Mikono imelala mapajani, haina kazi.

Hafui. Amekaa tu.

Mwangi aliushika mkebe karibu na picha, mkono umenyooka, nami nikatazama bati tupu na mwanamke, bati tupu na mwanamke. Sijui kama mama aliviona vile viatu akanyamaza, asije akatufundisha kuacha kikapu, au kama alikuwa na kazi nyingi mno hata hakuweza kumwona mwanamke amekaa. Mwangi alisema kwa sauti ndogo kwamba amesimama chumba hiki wiki kadhaa, kabla ya kufunga na baada ya kufungua, na hajawahi kumwona huyo mtu. "Nilikuwa naangalia watu wasishike picha," akasema. "Picha yenyewe sikuiangalia." Tuliporudi mlangoni nilimwachia mandazi mawili. Alikataa, kisha akaona macho yangu, akapokea.

Saa nane mchana nilishuka Circular Quay. Nilitafuta ngazi karibu na maji, nikapata, kule upande wa feri, pale pasipo na watu wengi kwa kuwa watalii wote walikuwa wamezuiwa kwao. Nikakaa. Nikavua viatu vya kanisani, nikaviweka kando. Maji hayakunifikia, yalikuwa chini mno, lakini upepo ulipita katikati ya vidole vya miguu. Nilikula mandazi mawili yaliyobaki. Nilikaa hivyo muda wa feri tatu kuja na kuondoka, sifanyi kitu. Sikumbuki kama niliwahi kukaa sifanyi kitu kwa hiari yangu, nje ya ugonjwa na kanisa.

Lakini nilijua ninakwenda kufanya nini nikirudi. Njia nzima ya treni sikulinganisha vituo na boksi, nilihesabu kwa maneno nitakayomwambia yaya. Nilipitiliza Guildford nikashuka Yennora, nikarudi.

Saa kumi na mbili jioni, ambayo kwenu ni asubuhi, nilimpigia yaya kwa simu ya Aline. Macho ya yaya yana ukungu siku hizi, picha haimfai, lazima aambiwe. Aline na Elia walikuwa mezani. Sikuwaambia watoke.

Nikamwambia kwanza mwanamke yupo. Akashusha pumzi. Akasema, "Basi mama hakusema uongo." Nikamwambia, mama hakusema uongo, aliyesema uongo ni mimi. Nikamwambia ziwa, mchanga, majivu. Nikamwambia nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wakati fagio linavunjika, na nilijua, na nilinyamaza. Nikamwambia darasa la nne nililosoma lilikuwa na kiti chake kitupu karibu.

Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulijua siku ile ile?" Nikasema nilijua. Akakata simu.

Elia aliinuka, akaosha sahani ambazo zilikuwa safi. Nilimpigia yaya tena, hakupokea. Siku ya pili hakupokea. Siku ya tatu binti yake aliniambia yaya anakula, anatembea kidogo uani, ila akisikia jina langu anageukia ukuta. Elia aliniambia kwa upole kwamba mambo mengine mtu huzeeka nayo kimya. Nikamwambia yeye aendeshe mashine zake za ghala. Sikujuta. Niliumia, sikujuta. Hayo ni mambo mawili.

Siku ya nne, saa moja jioni, simu ililia, na jina lake likawaka. Hakunisalimu.

"Viatu vya yule mwanamke," akasema. "Vilikuwa namna gani?"

Nikamwambia vyekundu, vya wazi, visigino vimekanyagwa nyuma kama vya mtu anayevaa kwa haraka. Vimekaa sambamba, ncha zinatazama ukuta.

"Na kikapu?"

"Kimejaa. Hajakigusa."

Nilisikia kuku wa uani kwake, na mtu anatwanga kwa jirani. Nilisikia pumzi yake nzito ya moyo ule.

"Kwa hiyo hakuwa anafua."

"Hakuwa."

"Mama angempiga huyo," yaya akasema, na akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikarudi kuwa kicheko, mpaka binti yake akaja kumshika mgongo. Mimi nilicheka na kulia vyote pamoja, kilemba kikanianguka.

Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Alinitaka nimwelezee picha yote, tangu mnara, polepole, na siku hizi huniuliza kila tunapoongea, kidogo kidogo: yule wa chafya alikuwa na kofia gani, maji yalikuwa ya kijani cha namna gani. Ninamjibu. Picha yenyewe imekwisha kurudi kwao ng'ambo. Nilichojifunza katika safari hii ni kifupi. Mtu anaweza kuvuka nchi tatu na kitu ameshikilia kifuani, na asijue kilichochorwa juu yake. Na neno ulilolinyamazia utotoni halizeeki pamoja nawe, linakusubiri na umri wake uleule. Lisemeni mapema, ninyi wenye meno bado.

Mipaka imeanza kufunguliwa. Kuna mama wa kanisa letu, Mrundi wa Doonside, anayetarajia kwenda Bujumbura kumwona mzazi wake, na kutoka hapo Uvira si mbali. Nilimwambia yaya kwamba nitamtumia mkebe kwa mkono wa huyo mama, ukae kwake sasa, ni zamu yake.

Yaya alifikiri kidogo. Kisha akasema nimtumie, atauweka juu ya kabati, mahali pale pale alipouweka mama.

"Ila kabla hujaufunga," akasema, "usiusugue."